Kabla Hatujapiga Kura ya Sungusungu wa Sandton

Maneno haya niliyasema Jumapili kwenye mkutano wa umoja wetu wa Watanzania tunaoishi Sandton na maeneo ya jirani, kabla ya hoja ya ulinzi kupigiwa kura. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa majina, na kwa mlio nyumbani nimeongeza maelezo mafupi hapa na pale.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Kaka zangu na dada zangu, habari za jioni. Nakushukuru Mwenyekiti kwa dakika ishirini ulizonipa, ingawa najua wapo waliokushauri usinipe hata mbili.

Mimi ni muuguzi. Wengi humu mnanifahamu kwa sababu niliwapima presha wazazi wenu walipokuja kuwatembelea, au mlinipigia simu saa nane za usiku mtoto ana homa. Digrii yangu niliipata Muhimbili, nikaja huku mwaka 2016, nikahangaika na Baraza la Wauguzi la hapa mpaka wakanisajili. Si mwanasiasa wala mwanasheria. Siku zote kwenye mikutano hii hukaa nyuma karibu na chai.

Hoja iliyo mbele yetu nimeisoma mara tatu. Inasema vijana wanaoruka kuta na kuingia kwenye makazi yetu wamezidi, polisi wanachelewa, kampuni za ulinzi ni ghali. Kwa hiyo kila nyumba ichange randi 450 kwa mwezi, tuwaunge mkono majirani ambao wameshaanza, na sisi tutoe vijana wetu wa kuzunguka usiku. Mtoa hoja ameiita sungusungu wa Sandton na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi naomba tuikatae. Sababu yangu kubwa ni chupa ya plastiki ya lita mbili, nami nitaifikia.

Sikuja hapa kuwaambia kwamba hakuna wezi. Mimi mwenyewe nimevunjiwa kioo cha gari kwenye taa za barabarani, mkoba ukaenda na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu ndani yake. Yuko dada humu aliwekewa bisibisi shingoni mbele ya geti lake. Hofu yetu ni ya kweli, na anayeidharau hajakaa Johannesburg. Nchi hii walinzi wa kampuni binafsi walioandikishwa na wako kazini wanazidi nusu milioni, wakati polisi wa serikali hawafiki laki mbili. Mwenye fedha ananunua ulinzi kama anavyonunua mkate, na asiye nazo anamwomba Mungu.

Kwa mlio nyumbani: wengi wetu hapa tunaishi kwenye kompleksi, yaani nyumba thelathini au arobaini ndani ya ukuta mmoja, geti moja, mlinzi mmoja kwenye kibanda, na nyaya za umeme juu ya ukuta. Sandton ndiko kwenye mabenki, maghorofa ya vioo na maduka ambayo bei ya kiatu kimoja ni kodi ya nyumba ya mtu Mbagala. Ukivuka barabara kuu ya M1 upande wa mashariki uko Alexandra, ambako watu wanaishi kwa kubanana tangu mwaka 1912. Wanaofagia, wanaopika na wanaolea watoto Sandton, wengi wanatoka huko. Asubuhi tunawafungulia geti, jioni tunawaogopa.

Sasa niwaeleze jinsi nilivyojifunza kuogopa kwa Kiingereza.

Nilipohamia kompleksi yetu niliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la ulinzi. Wiki ya kwanza nikaona ujumbe: "BM wawili, kona ya bustani." Nikadhani ni aina ya gari. Nikamuuliza jirani, akaniambia kwa upole kabisa kwamba B ni Bravo na M ni Mike, lugha ya redio za walinzi. Maana yake ni mwanamume mweusi. Hakuna kosa linalotajwa. Mwanamume mweusi, nukta. Nikacheka peke yangu jikoni, kwa sababu mume wangu alikuwa nje anaosha gari.

Miezi miwili baadaye natoka zamu ya usiku, asubuhi na baridi ya Juni, nimevaa koti lenye kofia, miguu imevimba, natembea taratibu kama mjamzito. Simu ikalia. Nikasoma: "BF, kofia kichwani, anatembea polepole, anaangalia nyumba." Nikageuka nimwone huyo mwanamke. Barabara ilikuwa tupu, ndugu zangu. BF alikuwa mimi. Na kweli nilikuwa naangalia nyumba. Nilikuwa naangalia nyumba yangu na kuwaza kitanda changu.

Mnacheka, na mimi nilicheka. Ila jambo la aibu ni hili: sikujitoa kwenye grupu. Sikuandika hata neno kumwambia yule mama kwamba huyo ni mimi wa namba 17. Baada ya miezi kadhaa mimi mwenyewe nikawa naandika BM. Mtu akikaa sana na lugha, inamkaa.

Naja kwenye chupa.

Ilikuwa Ijumaa moja ya Januari, joto kali, mabomba ya maji yamekauka siku ya tatu. Saa kumi na mbili jioni natoka kwenda zamu. Nyuma ya kompleksi, mahali ambapo nguzo moja ya uzio wa chuma imelegea tangu mwaka juzi na kamati inasema itashughulikia, nikaona vijana wanne wanachungulia ndani. Nikaandika kwenye grupu: "BM wanne, uzio wa nyuma, wanachungulia." Nikatia simu kwenye mkoba nikaenda kuwauguza wagonjwa wangu.

Ujumbe ule niliuandika mimi. Naomba mlikumbuke hilo wakati mnanisikiliza, msije mkadhani nimesimama hapa kama malaika.

Nilirudi asubuhi saa mbili kasorobo. Kwenye kibanda cha mlinzi kuna mtoto amekaa sakafuni, kaptula ya shule, hana shati, mikono imefungwa nyuma kwa zile tai za plastiki za kufungia nyaya. Mgongo, makalio na mapaja yamevimba na kupishana mistari. Mlinzi wetu ni mzee wa watu kutoka Malawi, ana wajukuu. Alikuwa ananikwepa macho. Akaniambia, sista, usiku kaomba kukojoa, nikampa chupa, sasa tazama mwenyewe, anakojoa Coca-Cola. Akacheka kicheko cha mtu anayetaka mwenzake naye acheke.

Nikaichukua ile chupa nikainyanyua kwenye mwanga. Ndani mlikuwa na kidogo sana, kama kikombe cha kahawa, rangi ya kahawia nyeusi.

Kwa wale ambao hawajafanya kazi wodini, nieleze. Mtu akichapwa viboko vingi kwenye nyama ya mgongo na mapaja, ngozi inaweza isipasuke, mfupa usivunjike, akasimama na kutembea na hata kukujibu jeuri. Lakini misuli ndani imepondeka. Misuli iliyopondeka inamwaga vitu vyake kwenye damu. Kimojawapo ni protini inayoitwa mayoglobini, na kazi ya kuchuja ni ya figo. Ikiwa nyingi figo zinaelemewa na kuziba. Mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea, kisha unapungua, kisha unakoma. Huku nyuma madini ya potasiamu yanapanda kwenye damu, na potasiamu ikipanda sana moyo unasimama. Mtu huyo uliyesema umempa adabu tu anaweza kufa kesho yake au keshokutwa akiwa kitandani, na walioshika kiboko wakaapa kwa Mungu kwamba walimwacha mzima.

Madaktari wa nchi hii wanaujua ugonjwa huu vizuri kuliko wa nchi nyingi, kwa sababu ya kiboko wanachokiita sjambok. Zamani kilikuwa cha ngozi ya kiboko au kifaru, siku hizi ni cha plastiki na kinauzwa hadharani. Ndicho polisi wa makaburu walichowatawanyia wanafunzi. Leo majeruhi wake wengi wanaletwa kutoka mikononi mwa majirani wenye hasira. Dawa ni maji ya dripu, mengi na mapema. Kila saa inayopita bila maji ni figo inayoondoka. Na huyu mtoto alikuwa amekaa pale tangu saa nne za usiku, katika nyumba zisizo na maji, akisubiri mwenyekiti wa kamati aamke waamue.

Alikuwa na miaka 15. Walikuwa wameingia kuogelea. Bwawa letu lilikuwa na maji, mitaa haina, na joto lile. Wenzake watatu waliruka uzio, yeye akateleza. Nilipouliza kilichoibiwa hakuna aliyenijibu.

Waliompiga walikuwa watano. Wawili ni wa kwetu, Watanzania, na hili mnalijua kwa sababu ndilo lililotuleta hapa. Nilipopiga simu 10177 kuita gari la wagonjwa, mmoja wao alikuja kunisihi. Hakunitisha, alinisihi. Aliniambia, dada, acha tu, tutampa nauli aende kwao, ukiita watu kibali changu kitakwenda na maji. Huyu kaka ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kukusanya nauli yangu ya ndege mama yangu alipofariki. Alifika kwangu na bahasha saa tano za usiku, jina la kila aliyetoa limeandikwa. Sasa yeye amesimama mbele yangu, nami nina chupa mkononi.

Nikaita gari.

Hospitali ilimkaza mtoto kwa siku 19. Alisafishwa damu kwa mashine mara nane. Polisi walikuja, nikatoa maelezo, nikataja majina yote matano. Wale wawili wako nje kwa dhamana na kesi inaendelea, kwa hiyo sitasema zaidi. Nasikia ninaitwa msaliti. Mwingine kaniita askari kanzu. Ngoja nijibu mara moja tu. Sheria ya Watoto ya nchi hii, Na. 38 ya mwaka 2005, kifungu cha 110, inamtaja muuguzi: akiona dalili za mtoto kuumizwa kwa makusudi ni lazima atoe taarifa. Sikuwa na hiari. Lakini nisijifiche nyuma ya kifungu. Hata kama kisingekuwepo ningeita gari, labda nisingetaja majina. Hilo ndilo ninaloweza kuwaambia kwa ukweli wa moyo wangu.

Mtoa hoja amesema sheria iko upande wetu. Nusu yake ni kweli. Kifungu cha 42 cha Sheria ya Mwenendo wa Jinai ya mwaka 1977 kinamruhusu mwenye nyumba au anayekaa humo kihalali kumkamata mtu anayefanya kosa ndani ya eneo lake, na kuingia kwa watu bila ruhusa ni kosa tangu sheria ya mwaka 1959. Kwa hiyo wale watano walikuwa na haki ya kumkamata. Kisha wanatakiwa wamkabidhi polisi haraka iwezekanavyo, basi. Kosa ni kila kitu kilichofanyika baada ya kumshika. Na mtoto wa umri ule akifika polisi anaingia kwenye Sheria ya Haki kwa Watoto ya mwaka 2008, ambayo kwa kosa kama hili inatafuta kwanza njia ya kumrudisha kwa wazazi na kwenye mafunzo kabla ya kufikiria jela. Kuhusu viboko ndiyo kabisa. Mahakama ya Katiba ilifuta adhabu ya viboko kwa vijana mwaka 1995. Hakimu mwenye joho hawezi kuagiza kijana achapwe hata kimoja. Mwaka 2019 mahakama hiyohiyo ikamwondolea hata mzazi kinga ya kumchapa mwanawe. Sasa sisi wa namba 9 na namba 23 tumeupata wapi uwezo ambao hakimu hana na baba mzazi hana?

Najua mnachosema moyoni. Mmoja wa wale wawili alinieleza: dada, tulimpiga kama tulivyokuwa tunapigwa shuleni. Naye hakudanganya. Wote humu tumechapwa. Nyumbani waraka unasema viboko visizidi vinne na mwalimu mkuu ndiye mwenye ruhusa, lakini nani humu aliwahi kuhesabiwa vinne? Tumekua tukiamini fimbo haiui. Agosti 2018 Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kipigo cha mwalimu, akituhumiwa kuiba mkoba. Taifa zima lililia wiki mbili, kisha fimbo zikarudi nyuma ya mlango.

Mtoa hoja alisema pia kwamba nyumbani panya road waliisha kwa kichapo. Kaka yangu, hawakuisha. Ile jioni ya Januari 2, 2015, Dar es Salaam nzima ilipofunga milango, taarifa za siku zile zilisema vijana wale walikuwa wametoka kumzika mwenzao aliyeuawa na wananchi wenye hasira. Kichapo ndicho kilichowatoa barabarani. Na Septemba 2022 tukawasikia tena, mpaka msichana wa chuo akauawa nyumbani kwao Kawe.

Sasa sungusungu. Hapa naomba radhi kwa wazee, maana nitasema kama mtoto wa Kahama. Baba yangu mkubwa alikuwa mtemi wa sungusungu kijijini kwetu miaka ya themanini, ule mwanzo wake hasa, kabla serikali haijawatambua kwa sheria mwaka 1989. Nilikulia miguuni kwake. Sitasema walikuwa wabaya. Ng'ombe walikuwa wanachukuliwa kwa bunduki, na polisi alikuwa mbali siku mbili kwa baiskeli. Sungusungu walirudisha ng'ombe. Pia waliwaonea vikongwe kwa sababu macho yao ni mekundu, na baba mkubwa alipozeeka hakupenda kuyazungumza hayo.

Lakini alichokuwa akijivunia sicho mnachokifikiria. Alikuwa akisema adhabu kali kuliko zote ilikuwa kutengwa. Mtu hapewi moto, hachotewi maji, hasalimiwi, mpaka aje mwenyewe alipe faini na kuomba msamaha. Hiyo ilifanya kazi kwa sababu mwizi alikuwa na jina. Walimjua mama yake, shamba lake, shemeji zake wa Nzega. Aliyemhukumu leo atakutana naye msibani kesho.

Sisi tunamjua nani hapa? Yule mtoto alikaa kwenye kibanda saa kumi na hakuna aliyemuuliza jina. Mimi nilikuwa wa kwanza, nilimuuliza kwa sababu fomu ya gari la wagonjwa ina nafasi ya jina. Mpaka wakati ule alikuwa BM.

Kuna jambo jingine, na wazee mliokuwepo mwaka 2008 mtanisahihisha nikikosea. Vurugu zile za kuwafukuza wageni zilianza Alexandra, Mei 11, kilomita chache kutoka ukumbi huu. Mpaka zinatulia watu 62 walikuwa wameuawa nchi nzima, na kama theluthi yao walikuwa raia wa hapahapa waliodhaniwa wageni. Watafiti waliozichunguza waliandika kwamba kabla ya moto kulikuwa na mkutano. Wakazi walikaa wakalalamikia uhalifu, wakasema polisi hawafanyi kitu, wakaamua kujilinda wenyewe. Mkutano kama huu, Mwenyekiti, pengine nao ulikuwa na chai. Tofauti ni kwamba katika mkutano ule wahalifu tulikuwa sisi. Mzee wetu mmoja aliyekaa pale mbele alilala siku sita chini ya hema kituo cha polisi na shati alilovaa. Mkuki kwa nguruwe.

Na msidhani yameisha. Miaka hii tumeona watu wakisimama kwenye milango ya zahanati za serikali wakiuliza vitambulisho ili wageni wasitibiwe. Wajawazito wamerudishwa getini, na sisi wauguzi ndio tunaopokea matokeo yake. Kila wanaposimama pale wanasema wanalinda mtaa wao. Siku watakapotaka mfano wa mgeni anayechapa watoto wa Alexandra, tumeshawapa wawili, na hoja hii inataka tuwape kikosi.

Mtoto alipotoka hospitali nilikwenda kwao. Sikuenda kwa ushujaa. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa silali. Nilipita kwa miguu lile daraja la waenda kwa miguu na baiskeli la Grayston, juu ya M1. Nyumbani mtakumbuka habari zake: Oktoba 14, 2015, likiwa bado linajengwa, jukwaa lake la muda liliangukia magari barabarani, watu 2 wakafa na 19 wakajeruhiwa. Lilijengwa kwa ajili ya watu wanaotembea kila siku kutoka Alexandra kuja kazini Sandton. Katika miaka yote niliyokaa hapa sikuwahi kulikanyaga. Nilikutana na watu wengi sana wanarudi kutoka makazini, mifuko mkononi, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninakwenda wapi.

Anaishi na bibi yake, chumba na nusu, nje kuna bomba moja la nyumba tano. Bibi alifanya usafi Sandown miaka 31. Nazungumza Kizulu cha wodini, cha "unaumwa wapi" na "geuka upande", tukasikilizana hivyohivyo. Akaniita sista, akaniambia nimemwokoa mjukuu wake, akataka kunishika mikono. Nikashindwa. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika ule ujumbe. Nikamwonyesha kwenye simu, kwa sababu nilidhani sijui kulieleza vizuri.

Aliushika muda mrefu. Akauliza BM ni nini. Nikamweleza. Akaniuliza, "Na wewe wanakuitaje?"

Nikamwambia BF.

Akanirudishia simu, akaenda kutafuta sukari.

Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Nimalizie na mambo ya kawaida. Ile nguzo ya uzio imechomelewa mwezi Februari, kazi ya asubuhi moja, randi 1,800. Bwawa limewekewa geti lenye kufuli, na taa mbili zinazowaka mtu akipita. Tangu hapo hakuna aliyeingia. Hiyo ndiyo fedha yote iliyohitajika, ndugu zangu, na tulikuwa na miaka miwili ya kuitoa. Akija mwizi wa kweli mwenye silaha, vijana wetu wenye tochi na viboko watakufa bure. Huyo ni wa kubonyeza kengele ya hatari na kufunga mlango wa chumbani. Wanaobaki kwa hao vijana wetu wa kuzunguka ni akina nani basi, kama si watoto wa kaptula?

Kuna aliyependekeza tuzungumze na wale wa mpira wa Alexandra, watoto wawe wanakuja kuogelea Jumamosi wakiwa na msimamizi. Kamati ya kompleksi yetu imekataa kwa sababu ya bima. Nimeomba tena. Watakataa tena nadhani, lakini nimeomba.

Na kwa kaka yangu uliyekusanya bahasha ile. Najua umekaa karibu na mlango. Nimeandika barua ya tabia njema kwa wakili wako kama alivyoniomba, nikaandika yote, na ya bahasha nikaandika. Maelezo yangu ya polisi sikuyafuta. Mke wako hajaniitikia salamu tangu Januari na simlaumu. Mlango wangu ni namba 17, unaujua.

Naomba wajumbe waikatae hoja. Mwenyekiti, lipo na ombi dogo ambalo halihitaji kura. Mtoto ana kliniki ya figo Alhamisi, anatakiwa awe kwenye foleni saa moja asubuhi. Figo moja haijarudi sawasawa, na bibi yake hawezi kupanda teksi mbili na magoti yale. Huwa nawapeleka mimi, ila gari langu liko gereji mpaka Ijumaa. Mwenye nafasi anione pale kwenye chai.